Pesa ya Kushikilia Chumba Haitumwi kwa Namba ya Mtu

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenye hoteli hautawapendeza: kama hoteli haiwezi kukupa namba ya Till au Paybill yenye jina lake, usiitumie hata shilingi moja kabla hujafika. Si nusu, si elfu moja "ya kushikilia tu". Ukishafika, chumba umekiona na funguo umepewa, hapo lipa unavyotaka. Lakini pesa inayomtangulia mwenyewe isiende kwa namba ya mtu binafsi, hata huyo mtu akijiita meneja, mhasibu au mwenye hoteli.

Mimi ni wa Kihoto, hapa Naivasha. Majirani wengi wanafanya kazi kwenye mashamba ya maua, wengine kwenye zile hoteli zilizopangana kando ya Moi South Lake Road. Ndio wanaotandika vitanda vya wageni kutoka Nairobi, na wakati wa Safari Rally, ambayo ilirudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021, ndio wanaoona chumba cha kawaida kikiuzwa kwa bei ya kushangaza. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba watu wa Kihoto hawajui hoteli. Wanachokosa ni mazoea ya kuwa wageni. Familia ya hapa ikienda likizo mjini, iwe Nairobi, Nakuru au Mombasa, hiyo ni safari ya baada ya miaka kadhaa. Pesa imetoka kwa chama, imetoka kwa sacco, imetoka kwa kuku waliouzwa. Watoto wameshawatangazia wenzao darasa zima. Na wengi ni watu waliorudishwa nyuma: mwaka 2020, halafu tena 2025, Ziwa Naivasha lilipanda, maji yakaingia Kihoto mpaka ndani ya nyumba, watu wakahama na magodoro kichwani. Ndio maana mtu akisema "ni elfu tisa tu, chukulia kama somo," mimi hukasirika.

Hiyo elfu tisa si mfano wa kubuni. Kuna mama mmoja jirani yetu, anafunga maua shambani, ana watoto watatu. Likizo ya Desemba alitaka kuwapeleka Mombasa wakaone bahari, siku nne, usiku tatu. Akapata ukurasa wa hoteli kwenye Facebook: picha safi, bwawa la kuogelea, watu wanasifia chini yake. Bei ilikuwa shilingi 4,500 kwa usiku, chumba cha familia, chai ya asubuhi ndani. Akaandika WhatsApp, akajibiwa papo hapo, kwa heshima kabisa: "Karibu sana mama. Vimebaki vyumba viwili tu wiki hiyo. Ukitulipa leo hata kama ni usiku mbili, tunakushikilia, huo mwingine utalipa ukifika." Namba ikaja. Alipoingiza, likatokea jina la mwanamume. Akauliza, akaambiwa huyo ni mhasibu wetu. Akatuma 9,000.

Nilisomea mauzo na matangazo chuoni, na naweza kuwaambia kwamba "vimebaki viwili tu" ni mbinu inayofundishwa darasani. Mtu akiona kitu kinakaribia kwisha, anaacha kuuliza maswali na anaanza kuharakisha. Makampuni halali yanaitumia kila siku, na matapeli wameichukua hivyo hivyo ilivyo. Ukiisikia, ichukulie kama kengele: mtu huyu anataka niache kufikiri.

Walipanda matatu hadi Nairobi, wakachukua treni ya Madaraka Express ya alasiri kutoka Syokimau, wakashuka Miritini usiku. Gari likawafikisha kwenye geti la hoteli. Hoteli ilikuwepo kweli, bwawa pia lilikuwepo. Kisichokuwepo kilikuwa jina lao kwenye kitabu. Askari wa getini, mzee mpole, akamwambia, "Mama, nyinyi ni watu wa tatu wiki hii." Wakora walikuwa wamechukua picha za hoteli hiyo na jina lake wakafungua ukurasa wao. Bei ya chumba ya kweli ilikuwa mara mbili na zaidi. Mama akachukua Fuliza, wakalala kwenye loji ya karibu na Mwembe Tayari, watoto wanne kwenye chumba kimoja ukihesabu na yeye mwenyewe, maana alivyonisimulia alikuwa analia kama mtoto. Kesho yake wakaenda baharini masaa mawili, halafu wakageuza.

Alipiga simu huduma kwa wateja usiku ule ule. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi mambo yanavyokwenda, na ni vizuri tulielezane wazi. Kuna kutuma na kuna kulipa. Ukimtumia mtu pesa, mtandao unaona umempa mtu pesa. Haujui kama ni karo, ni mchango wa harusi au ni chumba cha hoteli. Ule utaratibu wa kurudishiwa, kwa mfano wa M-Pesa ambapo unapeleka ujumbe wa muamala kwa 456, uliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Nawe hukukosea namba. Ulituma kwa namba ile ile uliyoitaka, kiasi kile kile ulichokitaka, jina ukaliona, PIN ukaweka. Na hata pale ambapo pesa ingeweza kuzuiliwa, lazima iwe bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea. Tapeli hangoji. Pesa ikiingia, dakika chache baadaye iko kwa ejenti, imetolewa, laini imetupwa.

Kulipa kwa Till au Paybill ni jambo jingine. Upande wa pili kuna biashara iliyosajiliwa kupokea malipo, yenye stakabadhi zake na mtu anayejulikana. Muamala unaandikwa kama malipo kwa jina la biashara hiyo, na taarifa yako ya miezi iliyopita itaonyesha hivyo. Ukienda kulalamika kwa hoteli, polisi au mahakama ya madai madogo, unaingia na kitu mkononi, kilichoandikwa nani alimlipa nani.

Lakini msinielewe vibaya. Till si hirizi. Tapeli anaweza kupata Till ya kibanda fulani akaitumia. Kinachokulinda ni jina, na jina linatokea kwenye simu yako kabla pesa haijaondoka. Wengi tunalipita kama tunavyopita bango barabarani. Lisome. Kama hoteli inaitwa hivi na Till inasoma jina la duka la vipuri, simama hapo. Inawezekana kweli kampuni inayoimiliki hoteli ina jina lingine la usajili, hilo hutokea sana, ila ni kazi yao kukueleza, na maelezo hayo uyathibitishe kwa kupiga simu hotelini kwa namba uliyoipata kwingine, si ile iliyo kwenye ukurasa unaoushuku. Tafuta hoteli kwenye ramani ya Google, chukua namba iliyo pale, piga, uliza mapokezi: "Till yenu ni ipi, na jina linalotokea ni lipi?" Swali la dakika moja. Hoteli ya kweli inalijibu bila kukwazika.

Kuna jambo la Paybill ambalo hata wasomi linawapita. Hoteli nyingi zinapokea pesa kupitia Paybill ya benki: unaweka namba ya benki, halafu namba ya akaunti ya hoteli. Hapo jina linaloweza kutokea ni la benki. Unaona jina kubwa linaloheshimika, moyo unatulia. Ila ulichothibitisha ni kwamba benki ipo, jambo ambalo ulikuwa unalijua. Akaunti yenyewe inaweza kuwa ya mtu yeyote. Kwa hivyo ukipewa Paybill ya benki, omba ankara iliyoandikwa, yenye jina la hoteli, namba ya akaunti, tarehe za kulala na kiasi, na uithibitishe kwa simu ile ile ya mapokezi.

Sasa tuje kwa hoteli za kweli, kwa sababu huko ndiko ninakotaka kugombana na watu. Matapeli wanafanikiwa kwa kuwa hoteli halali zimetuzoesha. Umepiga simu, umekubaliana bei, halafu mtu wa mapokezi anasema kwa sauti ya chini, "Boss, ukituma kwa hii namba yangu nakutolea elfu moja." Wengi wetu tunaona tumebahatika. Hebu tupige hesabu. Ukilipa kwa Till, wewe mteja hukatwi ada. Anayekatwa ni mwenye biashara, na anakatwa asilimia ndogo isiyofika moja. Kwa malipo ya 9,000, hiyo ni chini ya shilingi 90. Nani anakupunguzia 1,000 ili aokoe 90? Na wewe mwenyewe, ukituma kwa namba ya mtu, ada ya kutuma unailipa.

Kwa hivyo hiyo elfu moja inatoka mahali pengine. Pengine ni kodi: hoteli iliyosajiliwa inatakiwa itoze VAT ya asilimia 16, na kuna tozo ya utalii ya asilimia 2 juu ya mauzo. Pesa ikipita kwa simu ya mtu, haionekani kwenye vitabu, na kinachookolewa mnagawana. Au pengine, na hili ndilo la kuogopa zaidi, mwenye hoteli hajui lolote. Binamu yangu amefanya kazi mapokezi kwenye hoteli mbili hapa Naivasha, na anasema kesi ya namna hiyo ilitokea sehemu moja aliyofanya: kijana wa mapokezi alikuwa anapokea pesa za wageni kwa namba yake, anawaandika kwenye daftari lake, halafu akiona chumba kiko wazi anawaingiza kimya kimya. Siku hoteli ilipojaa, familia ikafika na ujumbe wa malipo kwenye simu. Meneja akausoma, akaona jina la kijana wake, akasema, "Hii pesa haikuja kwetu." Na kijana alikuwa ameacha kazi Jumamosi iliyotangulia.

Angalia vizuri hapo. Hoteli ni ya kweli, namba ya simu ni ya kweli, mfanyakazi ni wa kweli, na bado familia imebaki nje na mizigo. Ndiyo sababu nasema hata punguzo lenyewe ulikatae. Unachouza kwa hiyo elfu moja ni ushahidi wako kwamba ulilipa.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba msimamo huu unawaumiza wadogo. Kuna mama Likoni ana vyumba vitatu nyuma ya nyumba, msafi, mpishi mzuri, na chombo chake cha biashara ni simu moja tu. Atafanyaje? (Na kwetu, tukumbuke, neno "hoteli" lenyewe lina mambo: ukimwuliza mtu wa Kihoto hoteli nzuri iko wapi, anaweza kukupeleka kwenye chapati na maharagwe.) Nakubali hoja hii kwa nusu. Kwa mwenyeji wa namna hiyo, panga kulipa ukifika. Kama anahitaji kitu cha kumhakikishia utakuja, tuma kiasi ambacho kikipotea hakiharibu safari, kama vile cha usiku mmoja ukigawanya mara nne, na uwe umeelekezwa kwake na mtu unayemjua aliyelala pale. Nusu ninayoikataa ni hii ya kwamba hana njia. Kuna huduma kama Pochi la Biashara zilizoletwa kwa ajili ya biashara ndogo za mtu mmoja, zinazotenga pesa ya kazi na pesa ya nyumbani. Jina litakalotokea bado ni la mtu, kwa hivyo kwako mgeni ulinzi hauongezeki sana, lakini ni hatua, na kutoka hapo kwenda Till si safari ya kwenda mwezini. Hoteli yenye vyumba ishirini na bwawa la kuogelea haina kisingizio kabisa. Andikeni Till yenu kwenye ukurasa wenu, kwenye bango, kwenye kadi, na mseme wazi: hatupokei kwa namba nyingine. Sentensi hiyo moja ingewafungia wakora mlango kuliko matangazo yote ya kuonya wateja.

Kabla hujalipa, uliza pia habari ya kurudishiwa. Watu wa Kihoto wanajua vizuri kwamba mipango huvunjika: maji yanapanda, mtoto anaugua, msimamizi anafuta likizo yako kwa sababu maua ya Valentine yanahitaji mikono. Nikighairi wiki moja kabla, mnarudisha ngapi? Siku mbili kabla? Jibu liwe kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, kabla ya malipo. Baada ya malipo kila mtu anageuka wakili.

Na mkikusanya pesa za safari kama familia, chagueni simu ya kukusanyia kwa makini. Simu yenye deni la Fuliza haifai. Pesa yoyote ikiingia, deni linakatwa kwanza. Shangazi anatuma 3,000 za chumba, kaka anatuma 2,000, na kwenye salio unaona kidogo, halafu familia inaanza kuangaliana vibaya. Ni hivyo hivyo hoteli ikikurudishia: inarudi kwa simu, Fuliza inachukua chake. Tumieni simu isiyo na deni, na mkianza safari gawanyeni pesa kwa simu mbili za watu wawili. Simu moja ikidondoka kwenye feri ya Likoni, mtakuwa bado na nauli ya kurudi.

Kama umeshatuma na umeanza kushuku, usingoje kesho na usianze kubishana na tapeli kwenye WhatsApp, maana kila dakika unayobishana ni dakika ya yeye kufika kwa ejenti. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, eleza ni utapeli, omba namba hiyo ifuatiliwe. Kama ni Safaricom, peleka namba ya tapeli kwa 333, ni bure. Usifute ujumbe wa malipo, wala mazungumzo, na upige picha ukurasa wao kabla haujatoweka. Waambie hoteli yenyewe kwamba jina lao linatumika, kwa sababu mara nyingi hawajui hadi mgeni wa kwanza afike getini. Halafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu, si lazima kiwe cha Mombasa, uandikishe. Unaweza pia kupiga namba ya bure ya DCI, 0800 722 203. Ukiandikisha polisi utapewa namba ya OB. Iandike mahali, kwa sababu kila ofisi utakayoingia baada ya hapo itaanza kwa kuiuliza.